AC ya dirisha iliyokuwa ikiganda barafu kila usiku

Nauza dawa Nkuhungu, hapa Dodoma. Duka langu ni chumba kimoja cha bati, na ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa nane mchana mpaka linazama. Boksi nyingi nilizonazo zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25. Mwezi wa kumi na moja, kabla mvua haijaanza, kipimajoto changu cha ukutani kimewahi kugonga 34 saa kumi jioni. Mama akinunua dawa ya mtoto kwangu, nataka niwe na uhakika imelala kwenye joto gani. Ndiyo sababu nilinunua AC ya dirisha iliyotumika, ikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, tukaitobolea ukuta.

Asubuhi moja mwanzoni mwa Desemba, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, nilifungua mlango nikakanyaga maji. Katoni ya pakiti za ORS iliyokuwa chini ya AC ilikuwa imelowa mpaka katikati. AC yenyewe inaunguruma, lakini upepo hautoki. Nilipovua uso wake wa plastiki sikuona koili, ile mirija yenye vijibati inayopoza hewa, hata kidogo. Niliona ukuta wa barafu, nene kama upana wa vidole viwili, imeshika kutoka pembe hadi pembe.

Nikaizima, nikaita fundi wa jirani. Alichungulia kidogo tu akasema, "Dokta, hiyo gesi imeisha." (Huku mtaani muuza dawa yeyote ni dokta.) Nilikuwa na haraka, dawa ziko kwenye joto, nikakubali. Aliyeimiliki kabla yangu alishaiwekea vali kwenye mrija, kwa hiyo kazi haikuchukua muda. Hakutumia geji ya kupimia presha. Alijaza huku akishika mrija kwa mkono, ulipopoa akasema tayari. Shilingi 60,000. Siku mbili ilipuliza vizuri, nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu asubuhi, maji sakafuni.

Siku mbili zile ndizo zilizonipotosha. Nilidhani gesi ilisaidia kisha ikavuja, kumbe kilichosaidia ni kuizima saa nyingi barafu ikayeyuka yote. Na gesi haiishi kama petroli ya pikipiki. Inazunguka mle mle miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kutafuta tundu ni kumwaga hela. Hayo niliyajua baadaye, kwa mzee mmoja wa Chang'ombe ya hapa Dodoma ambaye amefanya kazi ya friji na AC maisha yake yote. Aliletwa na mteja wangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barafu inaanzia wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeiona ikiwa imeshamaliza kazi, sijawahi kuiona ikianza. Akaniambia niiwashe feni peke yake, bila ubaridi, mpaka koili ikauke kabisa. Akanionya nisije nikachokonoa barafu kwa kisu au bisibisi, maana mirija iliyo ndani ni laini na ukitoboa mmoja ndiyo basi. Ilichukua karibu saa mbili na nusu. Kisha akawasha ubaridi, akavuta stuli, tukakaa mbele ya koili iliyo wazi tukiitazama.

Kwanza jasho lilitokea, matone madogo kwenye vijibati vya alumini. Hilo ni sawa, koili yenye afya inakuwa na nyuzi kama 4 hadi 7, lazima itoe jasho. Baada ya dakika ishirini hivi, matone ya chini yakaacha kudondoka. Yakatulia, yakafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, halafu yakawa meupe. Weupe ule ukasambaa kwenye uso wote karibu kwa pamoja, kushoto na kulia. Mzee akasema gesi ikiwa ndogo, kwa kawaida barafu huanzia sehemu moja, pale gesi inapoingilia, na upande mwingine unabaki mkavu na vuguvugu. Ikisambaa kote namna hii, koili inakosa hewa ya kuipasha moto.

Nikabisha. Chujio nalisafisha kila Jumamosi, kwa mikono yangu, kwa maji ya sabuni. Hakubishana nami. Aliniomba kipimajoto kimoja cha dukani. Hewa inayoingia ilikuwa nyuzi 30, inayotoka 9. Nikafurahi, nikaona si ndiyo baridi yenyewe! Akatikisa kichwa, akachana kipande cha karatasi ya chooni akakishika mbele ya tundu la kutolea hewa. Kilitikisika kidogo tu. Tofauti inayofaa ni nyuzi 8 mpaka 12, akasema, na hiyo ya 21 maana yake hewa inapita kidogo mno, ndiyo maana inapoa kupita kiasi. Hewa ile ya baridi kali ndiyo iliyokuwa ikinidanganya tangu Septemba. Nilikuwa naweka mkono, nasikia baridi, naridhika, huku chumba hakipoi.

Tukaichomoa soketi, akaimaliza chaji kapasita (kifaa kinachotunza umeme) kwanza asije kurushwa na umeme uliobaki ndani, tukaitoa AC kwenye boksi lake watu wawili. Mbele ya koili palikuwa pasafi kweli. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na shida. Ile feni ya ndani, yenye umbo la pipa dogo lililozungushiwa vibapa vyembamba, ilikuwa imejaa udongo mwekundu. Kila kibapa kinatakiwa kiwe na mkunjo kama kijiko ili kichote hewa, na mikunjo yote ilikuwa imesawazishwa kwa vumbi lililoganda kama ugali mkavu. Feni inazunguka, mlio upo, lakini haichoti kitu. Vumbi lilipita wapi? Chujio langu lilikuwa limechanika pembeni, upana wa kidole gumba. Nimeliosha miezi kadhaa na ule mchaniko nauona, sikuupa uzito.

Mtu wa Dodoma anajua upepo wa kuanzia Juni mpaka Oktoba unavyobeba udongo. Unafagia asubuhi, saa sita unaandika jina lako juu ya kaunta. Dar AC ile ilikuwa inapambana na unyevu, huku ikapambana na vumbi. Na hapa ndipo nilipoelewa kwa nini barafu haikutokea mapema wakati vumbi lilikuwepo miezi yote ile: kiangazi hewa yetu ni kavu, hakuna maji mengi ya kuganda. Mvua ya kwanza iliponyesha, unyevu ukaja, ukakuta koili imeshazidi baridi. Ugonjwa ulikuwa wa zamani, mvua ikauonyesha.

Tukaosha uani. Mswaki wa kawaida kwa vile vibapa, kimoja kimoja, na bomba la kupulizia la mkono kwa koili zote mbili, ya ndani na ya nje. Bomba hilo ni la mzee mwenyewe, halijawahi kuwekwa dawa ya mizabibu, niliuliza mara mbili. Mota na waya tulivifunika kwa mfuko wa plastiki. Vijibati vilivyolala alivinyoosha kwa ncha ya kijiti. Maji yaliyotoka yalikuwa kama ya mto baada ya mvua. Ikakauka juani hadi alasiri.

Ilipowashwa, ile karatasi ya chooni iliruka kutoka mkononi mwangu. Kuingia 29, kutoka 18. Hapo ndipo akafunga geji. Gesi ni R-22, na kwa gesi hiyo presha ya upande wa kunyonya ikiwa karibu psi 58 (psi ni kipimo cha presha) koili iko kwenye nyuzi 0, ikiwa 68 iko karibu nyuzi 4. Geji ikasoma 85, na kompresa, pampu inayozungusha gesi, ilikuwa ya moto mno. Gesi haikuwa imepungua hata siku moja. Ilikuwa imezidishwa, na mimi ndiye niliyeilipia. Aliivuta ile ya ziada kwenye mtungi wake mpaka ikashuka karibu 70. Hakuiachia hewani, kwa kuwa R-22 inaharibu ozoni na chini ya Itifaki ya Montreal nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. "Na bei yake unaiona inavyopanda," akaongeza.

Nilidhani tumemaliza. Mchana mzima safi, usiku ikaganda tena, safari hii kidogo.

Nilikata tamaa kweli, nikampigia simu saa moja asubuhi. Aliniuliza usiku naiweka namba ngapi. Ya mwisho, nikamwambia, nataka dawa zilale salama. Alikuja, akavua uso wa plastiki, akanionyesha kijiti chembamba cha shaba kinachotoka kwenye themostati, kifaa kinachowasha na kuzima ubaridi kufuata joto la chumba. Kinatakiwa kibanwe mbele ya koili, kipime hewa inayoingia. Kilikuwa kinaning'inia pembeni, kimegusa ukuta wa boksi upande wa moto, kibanio kimevunjika. Kwa hiyo themostati ilidhani chumba bado ni cha moto, kompresa haikupumzika usiku kucha. Na usiku wa Dodoma nje kunapoa, hata mwezi wa kumi na mbili joto linaweza kushuka kwenye 18 au 19. Nje kukipoa hivyo, presha ya mfumo mzima inashuka na koili inasogea kwenye kuganda, hata kama ni safi. Alikibana kijiti kwa kibanio kipya cha plastiki, senti chache tu.

Mimi nikabadilisha mazoea. Saa tatu usiku nashusha namba katikati, na kama nje kumepoa nazima ubaridi naacha feni. Nilikuwa naogopa bure: kipimajoto cha asubuhi kinasoma 23, mara nyingine 22. Juni na Julai siiwashi kabisa usiku.

Chujio jipya nililikata kwenye wavu uleule wa viyoyozi, nikaushona pembeni kwa uzi wa nailoni. Kila Jumamosi naliosha, kisha naliinua mbele ya taa nitafute tundu. Na mwezi wa kumi, upepo ukitulia kabla ya mvua, mzee anakuja tunaitoa tena uani na miswaki miwili.