Usiku tulioangalia La Dolce Vita na signora

Mwaka 2014 nilikua Roma namwangalia mama mmoja mzee, ile kazi ya kulala hapo hapo kwake, unapika, unampa dawa, unamshika mkono usiku akienda msalani. Kitaliano nilikua nacho tangu Malindi, kwetu watoto wengi wanakiokota ufuoni kwa Wataliano kabla ata hawajamaliza shule, na ndicho kilinipatia kazi. Signora, yaani bibi, ndivyo nilivyomwita, alikua anakaa mtaa wa Tuscolano, mjane, maisha yake yote fundi wa kushona nguo, mkali kwa chumvi ya pasta na mkali zaidi kwa mambo ya kanisa.

Jioni moja TV ikatangaza kuna La Dolce Vita, filamu ya mwongozaji wa Kitaliano Fellini. Nikajua atazima tu. Akaniambia lete sweta ukae, hii nimeingoja tangu 1960. Ndio akanieleza vile ilipotoka padri wa parokia yao aliisema vibaya mbele ya waumini, gazeti la Vatican nalo likaipiga vita, na yeye msichana wa watu akatii, wenzake wa kushona wakaenda kimya kimya wakarudi wanasimuliana yeye anainamia cherehani. Na mwaka huo huo ikachukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes! Ni filamu ya karibu masaa matatu, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nikapika chai ya tangawizi nyingi tukakaa.

Inaanza na helikopta imebeba sanamu ya Yesu amenyoosha mikono, inapita juu ya yale matao ya zamani ya mfereji wa maji wa Warumi. Signora akataka kuruka kwenye kiti na ile nyonga yake mbovu, "ni hapa kwetu, ni hapa!", manake hayo matao yako karibu na kwake, tulikua tunaenda kutembea hapo kukiwa na jua. Akanionyesha na kidole maghorofa mapya, akasema sisi ndio tulikua tunahamia hayo wakati matajiri wanacheza densi kule Via Veneto, mtaa wa mastaa.

Watu wengi ukiwatajia hii filamu wanakumbuka chemchemi ya Trevi, mwigizaji Anita Ekberg na gauni jeusi ndani ya maji. Kweli ni mrembo, na napenda vile maji yanakatika ghafla, kumekucha, wawili wamesimama tu pale kama walioamshwa usingizini. Lakini hiyo ni dakika chache. Marcello, anayeigizwa na Marcello Mastroianni, ni mwandishi wa magazeti ya udaku, kila usiku yuko na wapiga picha, anaingia karamu za mastaa na za wenye ukoo mkubwa, na kila karamu inaishia asubuhi watu nyuso zimekauka hawana la kuambiana. Anataka kuandika kitabu cha maana, haandiki. Steiner, rafiki anayemhusudu, mwenye vitabu na mke na watoto wawili wazuri, anawaua hao watoto alafu anajiua. Signora alifanya ishara ya msalaba akanyamaza muda mrefu.

Mimi kilichonishika ni baba yake Marcello. Anakuja kutoka mkoani bila kutarajiwa, mzee mchangamfu, anataka apelekwe klabu, wanaenda, shampeni, anacheka na msichana mmoja mcheza densi, na Marcello anamwambia mpiga picha mwenzake kwamba utotoni baba alikua haonekani nyumbani, wiki na wiki, mama analia. Usiku ule ule mzee anaugua huko kwa msichana. Marcello akifika anamkuta amekaa kitini ameelekea dirishani, amempa mgongo, hataki kuangaliwa. Mtoto anambembeleza, kaa basi ata leo tu, tuongee, hatuonanagi. Mzee anataka treni yake ya alfajiri, basi. Teksi inakuja, anaenda.

Babangu alikua dereva wa lori, Mombasa mpaka Kampala, na akirudi alikua analala mchana kutwa sisi tunaambiwa msipige kelele. Mgongo wake naujua kuliko uso. Nililia pale mpaka signora akanishika kichwa, akasema lia mwanangu, na wangu alikua hivyo hivyo.

Mwishoni wako ufuoni, wavuvi wamevuta samaki mkubwa wa ajabu jicho limekodoka, na msichana mdogo ng'ambo ya maji anamwita Marcello, hasikii, anarudi kwa walevi wenzake. Signora akasema padri alikosea, hapa hakuna mtu amefundishwa dhambi, hao wote hakuna ata mmoja mwenye raha. Naungana naye kabisa, na naongeza kwamba Fellini anawahurumia, si kuwacheka.

Jumapili nikampigia baba, tukaongea sana kuliko siku zote, nikamsimulia yote mpaka ile teksi. Akaniuliza, "Na huyo mzee alifika kwake salama?" Nikamwambia filamu haionyeshi. Akasema hapo wamekosea, mtu mgonjwa ukimwachia safari ya alfajiri peke yake lazima umpigie ujue amefika, alafu akaniuliza Roma kwenda uwanja wa ndege ni mwendo gani.