GPA yangu ya 3.1 ilivyokwenda Ujerumani

Nilimaliza chuo na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.1. Kwa ambao hawakusoma kwetu: kipimo kinaishia 5.0, apa sekondi, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5, na mimi nilikaa lowa, la pili la chini. SACCOS, chama cha akiba na mikopo, iliyoniajiri hapa Morogoro haikujali. Ila mwaka jana nilipoanza kutafuta nafasi ya uzamili wa fedha nje, kila ukurasa niliofungua ulianza kwa kuniuliza hiyo namba.

Uingereza niliiacha mapema. Kozi nilizozipenda zilitaka apa sekondi, na ada yake hata ukoo mzima ukichangishana haifiki. Nikageukia vyuo vya umma vya Ujerumani, ambako majimbo mengi hayatozi ada. Baden-Württemberg inatutoza sisi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, lakini hata hiyo si ya kuzimia.

Wajerumani wana kanuni ya kugeuza alama, wanaiita ya Bavaria. Unachukua alama ya juu kabisa, 5.0, unatoa yako. Jibu unaligawa kwa 3.0, yaani 5.0 kutoa 2.0 ambayo ndiyo ya chini ya kufaulu. Unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Nilipiga hesabu nyuma ya fomu ya mkopo iliyoharibika, ikaja 2.9. Nikanuna mpaka jioni nikijua wamenipunguzia, kumbe kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo ya kuponea. Nikachangamka. Furaha ikadumu hadi nilipoona kozi tatu kati ya tano nilizozichagua zinataka 2.5 au bora zaidi. Nikarudi kwenye fomu: 2.5 yao ni ngapi kwetu? 3.5. Apa sekondi ileile, imevaa koti la baridi.

Zikabaki kozi mbili ambazo hazikuweka kizingiti hicho, bali ziliangalia pia masomo ya hesabu, uzoefu wa kazi na GMAT, mtihani wa kuombea uzamili wa biashara. Nikafanya GMAT, saa mbili na robo za jasho, nikapata 595. (Alama zake zote huishia na 5, kuanzia 205 hadi 805. Sijui nani aliamua.)

Barua ya maombi ndiyo iliyonitesa. Mwaka wa kwanza nilikula sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, moja ya takwimu, na sapu hata ukiifaulu kwa kishindo unaandikiwa C. Rasimu ya kwanza niliandika "matatizo ya kifamilia". Uongo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasuka nywele hosteli, foleni ya wateja inafika koridoni, na pesa ilikuwa tamu kuliko desa. Nikafuta, nikaandika hivyo hivyo, kwamba nilisuka, nikafeli, nikaacha kusuka, na mwaka wa tatu peke yake ukaja na 3.9. Halafu nikaeleza kazi: jinsi ninavyofuatilia mikopo chechefu, ile iliyopitisha siku 90 bila rejesho, na kwa nini mkulima wa mpunga akikopeshwa kwa marejesho ya kila mwezi ataonekana mdaiwa sugu wakati mavuno yake hayajafika. Nadhani aya hiyo ndiyo iliyosomwa.

Mwalimu wangu wa zamani nilimsubiri nje ya ofisi asubuhi mbili. Nilipomwamkia akanitazama kwanza. "Wewe si yule msusi?" Akaniandikia barua ya kunipendekeza.

Chuo kimoja kilikataa kwa mistari mitatu. Kingine kimenikubali.

Sasa tuko kwenye akaunti ya kuzuiwa. Ili upate viza unaonyesha euro 11,904 za mwaka mzima, zaidi ya shilingi milioni 30. Nina akiba yangu, mama ana kiwanja, na Jumapili baba mdogo aliitisha kikao.

"Hela yote hiyo unawapa Wajerumani?"

"Hapana, baba. Ni yangu. Nikifika wananiachia euro 992 kila mwezi."

Akakaa kimya, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Sasa kama ni yako, mbona wanakufungia?"