Siku mjomba alipozima ubishi kwa magazeti yaliyoloana

Kuna ubishi wa wawindaji ambao hauishi, kaliba gani, yaani risasi ya upana gani, inaua vizuri, na mimi siku hizi siuingii kabisa kwa sababu nilishauona ukizimwa mbele ya macho yangu na mtu ambaye hakupandisha hata sauti. Tulikuwa watatu renji, pale uwanja wa kulenga shabaha, mjomba wangu, mimi nikiwa bado najifunza, na rafiki yake mmoja ambaye kwenye kulenga shabaha alikuwa hatari, nasema hatari kweli. Tulienda kuweka sawa bunduki maana wiki iliyofuata tulikuwa na leseni ya nguruwe pori na swala.

Huyo jamaa alianzia kwenye .22 LR, ile risasi ndogo iliyotoka mwaka 1887 na mpaka leo ndo inayopigwa Olimpiki kwa mita 50. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 tu hivi, na lile duara la pointi kumi kwenye karatasi lina upana wa milimita 10.4. Sasa mtu aliyekulia kwenye duara la hivyo ukimpa bunduki kubwa ya .308 na darubini nzuri anapanga matundu mpaka yanaingiliana, na ndicho alichofanya asubuhi ile kwa mita 100, kundi lake lote ungelifunika kwa kidole gumba. Mi nilikuwa nimesimama nyuma yake nashangaa.

Alikuwa anatumia risasi za mashindano, greni 168, yaani karibu gramu 11, mkia wake umechongwa ukawa mwembamba ili hewa isiuvute nyuma na nchani kuna kitundu kidogo sana. Akamaliza, akafungua bolti, lile komeo la bunduki, akamwambia mjomba, "Kaka, hizi hizi ndo naenda nazo porini. Risasi inayoenda ninapotaka, nitafute nyingine ya nini?"

Mjomba akamuuliza hicho kitundu cha nchani cha kazi gani. Jamaa akasema si ni cha kuifanya ifunguke, yaani ipanuke, ikigonga mnyama. Mjomba akatikisa kichwa.

Na hapa nieleze kidogo maana hata mi siku ile ndo nilielewa. Risasi nzima ya .308 ukiishika mkononi ina vitu vinne: ganda, ambalo ni aloi ya shaba na zinki, fataki pale katikati ya kitako inayogongwa na pini, baruti ndani, na kichwa ndo kinachoruka. Watu wanabishana kuhusu ganda, .308 au .30-06 au 6.5 sijui nini, wakati mnyama hagongwi na ganda, anagongwa na kichwa. Na kichwa cha mashindano kile kitundu chake hakikuwekwa kwa ajili ya mnyama. Kimebaki tu kwa sababu koti la shaba linalofunika kichwa linafungwa kuanzia kitakoni kuja nchani ili kitako kiwe sawasawa kabisa, maana kitako kikitoka mtutuni kimepinda hata unywele risasi inayumba. Ndo siri ya zile kundi ndogo. Aliyeitengeneza alikuwa anawaza karatasi.

Mjomba hakubishana. Alienda nyuma ya gari akatoa marobota ya magazeti aliyokuwa ameyaloweka kwenye ndoo tangu usiku, kumbe alijua atakuja nani na atasema nini. Yalikuwa mazito, maji yanachuruzika, tukayabana kwenye maboksi tukayapanga mstari mbele ya tuta la udongo, mita 50. Magazeti yaliyoloana si nyama, alisema hilo mwenyewe mapema kabisa, hayana mfupa wala mapafu, ila ukitaka kulinganisha risasi na risasi yanakupa jibu la haki kwa sababu kila moja inakutana na kitu kilekile.

Wakati tunapanga jamaa akaleta hoja ya Bell, maana kila mwenye kutetea risasi nyembamba lazima amlete Bell. W.D.M. Bell ni yule mwindaji wa pembe za ndovu wa miaka ya mwanzo ya 1900 aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa kaliba ya milimita 7, ile 7x57 ya Mauser ya mwaka 1892. Ni kweli, hakuna anayepinga. Lakini mjomba akamuuliza, alitumia kichwa gani? Bell alikuwa anapiga vichwa vilivyofunikwa koti gumu mwanzo mwisho, virefu na vizito kwa kaliba ile, kwa sababu alitaka kitu kinachopenya fuvu moja kwa moja bila kufunguka, na alikuwa amepasua fuvu la tembo kwa msumeno akajua ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Ukichukua ile kaliba ukaacha kichwa chake na ukaacha ule msumeno, hujachukua kitu kwa Bell. Mjomba mwenyewe kwa mnyama mkubwa alikuwa anaamini kaliba ya .375 H&H, ya mwaka 1912, ambayo nchi kadhaa za Afrika zimeiweka kama kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na mi naona wako sahihi, siyo kila mtu ni Bell.

Basi tukaanza. Ya kwanza ilikuwa ya kijeshi, koti gumu zima. Hizi za .308 ziko nyingi maana risasi ilitoka 1952 kwa raia na 1954 majeshi ya NATO wakaichukua kama 7.62x51. Na za kijeshi zimefunikwa namna ile siyo bahati mbaya, Azimio la The Hague la 1899 lilikataza vitani risasi zinazofunguka mwilini. Mwindaji anataka kinyume chake kabisa, anataka mnyama aende chini haraka. Mjomba akapiga, tukasubiri akafungua bolti, akaweka bunduki chini, ndo tukaenda, maana kwake hakuna kusogea mbele kama bolti imefungwa hata uwe na haraka gani. Tundu la kuingilia dogo, ndani njia nyembamba, halafu katikati risasi ikageuka ubavu ikakata kona ikatokea pembeni ya boksi. Ikapotelea kwenye tuta. Jamaa akasema hiyo hata yeye asingewinda nayo.

Ya pili ikawa ya kwake, akapiga mwenyewe. Risasi yake ya kwanza ilipita karibu yote kama ile ya kijeshi, jamaa akaanza kutabasamu kwamba si umeona inapenya. Mjomba akamwambia rudia. Akarudia, boksi jipya, mahali palepale, na hii ikapasuka. Tulifunua kurasa moja moja, na nakumbuka vizuri vidole vyangu vilivyokuwa vimekunjamana kwa maji, kila kurasa unakuta chembe za kijivu na vipande vya koti vimetawanyika pande zote, kipande kikubwa kuliko vyote kilikuwa hakifiki nusu ya uzito. Jamaa alinyamaza. Siyo kwamba ilikuwa mbaya tu, kilichomkamata ni kwamba risasi mbili kutoka pakiti moja zimefanya vitu viwili tofauti. Porini huwezi kujua utapata ipi, ya kupita tu mnyama akakimbia na jeraha akafie mbali ambako hutamwona, au ya kupasukia begani kabla haijafika mapafu.

Na zile chembe zina madhara yake mengine. Zile ni metali inayoitwa risasi, yaani ledi, nayo ni sumu, zinabaki kwenye nyama na kwenye matumbo yanayoachwa porini, tai wakija kula wanakufa. California walifika mahali wakakataza risasi za metali hiyo kwenye uwindaji wote kuanzia Julai 2019. Saivi kuna vichwa vya shaba tupu, mi ndo natumia, lakini siku ile hatukuwa navyo.

Ya tatu sasa. Ya kuwindia, ncha laini, greni 180. Hapa koti la shaba limeacha ncha wazi, na koti lenyewe ni jembamba mbele linanenepa kuelekea nyuma, ili ifunguke ila isimalizikie. Boksi liliruka kidogo. Tulipofunua, njia ilianza nyembamba, ndani ya kurasa chache tu ikawa pana ya kuingiza vidole, ikaenda imenyooka, ikasimama mbele ya kurasa za mwisho. Mjomba akaitoa akaisafisha kwa shati akampa jamaa. Imefunguka kama uyoga, upana karibu mara mbili ya ulivyokuwa, na nyuma mkia wake mzima bado una ile mikwaruzo ya mifereji ya mtutu. Aliipima kwenye mzani wake mdogo, imebaki karibu robo tatu. Wakapiga nyingine, ikafanya vilevile, na ya tatu vilevile.

Jamaa aliigeuza geuza sana. Halafu akauliza swali zuri kuliko yote ya siku ile, je kundi lake likoje?

Tukarudi mita 100 kwenye karatasi. Kundi la ncha laini lilikuwa kama sentimita 5, mara mbili ya zile za mashindano, na halafu, hiki ndo watu wengi hawakijui, halikukaa palepale, lilishuka na kwenda kushoto. Bunduki ileile, darubini ileile, mpigaji yuleyule. Uzito umebadilika, kasi imebadilika, mtutu unatikisika tofauti, basi risasi inatoka mahali pengine. Mjomba akasema eneo la moyo na mapafu ya nguruwe mkubwa ni kama sentimita 20, kwa hiyo sentimita 5 zinatosha na kubaki, ila lazima ziwe katikati. Jamaa akakaa chini akaanza kugeuza darubini, kila mbofyo unahamisha kama milimita 7 kwa mita hizo 100, mbofyo mbofyo mpaka kundi likakaa. Kisha mita 200, ikashuka kama sentimita 15, akaandika kwenye daftari. Mita 300 ilishuka kama nusu mita, mjomba akamwambia hiyo andika ujue tu, huko hatupigi mnyama. Muda wote maboksi ya risasi yalikuwa kivulini chini ya turubai, maana baruti ikipata joto presha inapanda na kipimo ulichoandika kinakuwa uongo.

Jioni jamaa alichukua kalamu nene akaandika kwenye maboksi yake ya mashindano KARATASI TU, kwa herufi kubwa, pande zote.

Wiki iliyofuata yeye ndo alipiga wa kwanza, nguruwe dume, kama mita 80, nyuma ya bega. Akaenda hatua chache akaanguka, hatukuhitaji kufuata damu. Wakati wa kuchuna mjomba akaikuta risasi chini ya ngozi ya ubavu wa pili, mapafu yote mawili imeyapitia, na nyama ya bega haikuwa na chembe hata moja.