Jioni Shangazi Alipofika Kutoka Ng'ambo ya Kagera

Kabla askari wake hawajavuka mpaka, kwetu Idi Amin alikuwa mtu wa kuchekwa. Kijiji chetu kiko kusini ya mto Kagera, upande wa Bukoba, na Redio Uganda tuliipata bila shida. Baba mdogo alikuwa fundi wa kumwigiza: anajaza kifua, anatoa macho, anajitangaza Rais wa Maisha na Mshindi wa Dola ya Uingereza, wazee wanapaliwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Walichokipenda zaidi ni ile simu ya maandishi ya 1972, Amin akimwambia Mwalimu Nyerere kwamba anampenda sana, na kama angekuwa mwanamke angefikiria kumwoa, ijapokuwa kichwa kimejaa mvi.

Wakubwa walijua na mengine. Walijua kwamba alimpindua Rais Obote Januari 25, 1971, mwenzake akiwa mkutanoni Singapore. Ndege zake zilishaupiga mji wa Bukoba kwa mabomu 1972. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977, serikali yake ikasema ni ajali ya gari, na kanisani kwetu hakuna aliyeamini. Lakini hayo yalisemwa kwa kunong'ona. Vichekesho vilisemwa kwa sauti, na sisi watoto tuliokota vilivyosemwa kwa sauti.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi lake lilikuwa linameguka. Makamu wake, Mustafa Adrisi, alikuwa ameumia katika ajali ambayo wengi hawakuiona kuwa ajali, na baadhi ya vikosi viliasi. Dikteta wa namna hiyo hutafuta adui nje. Askari wake wakaingia kupitia Mutukula, pale mpakani, wakashuka mpaka mtoni, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Kagera sasa ni Uganda.

Shangazi alikuwa ameolewa huko. Aliwahi kupita daraja la Kyaka kabla halijalipuliwa. Alifika kwetu jioni, msimu wa senene, akiwa na mtoto mgongoni ambaye si wake. Alimkuta barabarani akilia peke yake. Miguu ilikuwa imevimba, kanga imechanika. Mama alimwosha miguu kwa maji ya moto bila kumuuliza kitu. Mumewe alikuwa amerudi nyuma kufungulia ng'ombe. Hatukumwona tena.

Novemba 2 Mwalimu alizungumza redioni: uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Ua wetu ulijaa watu, na nakumbuka wanaume walivyopiga kelele. Shangazi alikuwa jikoni akimenya ndizi, hakutoka.

Siku chache baadaye ikaja habari kwamba Amin anataka vita vimalizwe kwa ndondi, yeye na Mwalimu ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. (Kumbuka Amin alikuwa bingwa wa ndondi Uganda kwa miaka mingi, na Mwalimu alikuwa mwembamba.) Baba mdogo, kwa mazoea, akasimama, akakunja ngumi, akatoa macho. Watu wakaanza kucheka. Na mimi nilicheka.

Shangazi akasema, "Endelea, mdogo wangu. Aliyekuja kwangu naye alikuwa anacheka hivyo hivyo."

Kisha akasimulia, kwa sauti ya mtu anayehesabu mali. Waliingia uani wakasema, "Jambo, mama," Kiswahili kizuri tu. Wakaanza na mabati. Halafu milango, halafu cherehani. Jirani yake aliyeuliza wanapeleka wapi milango alipigwa risasi pale pale kwenye migomba.

Baba mdogo alikaa. Mwezi uliofuata alijiunga na mgambo, akaenda na jeshi hadi Masaka. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, na huko akaishi kwa raha miaka zaidi ya ishirini, jambo ambalo hadi leo silimezi.

Agosti 2003 nilimpigia shangazi simu kumwambia Amin amefariki. Aliuliza kafia wapi. Nikamwambia Jeddah, na amezikwa huko huko.

"Kumbe yeye kazikwa," akasema.