Waliniambia madabodi (ule ubao mkuu wa ndani) ya desktop yangu ya mtumba imekufa, nikaifufua kwa 33,500

Mi nina steshenari ndogo hapa Morogoro, upande wa Kihonda, karibu na shule ya sekondari. Kazi zangu ni kutoa kopi, kuprinti, kuchapa barua na ripoti, kujazia watu maombi ya ajira, na msimu wa mikopo ya vyuo ndo wanafunzi wanajaa mpaka nje kwenye benchi. Sa kazi zote hizo zinapita kwenye mashine moja tu, ikizima hiyo mi sina duka, nina chumba chenye meza na karatasi.

Mashine yenyewe nilinunua Kariakoo 2024 mwezi wa nne, sh. 350,000 pamoja na monita ya inchi 19, kibodi na mausi. Ni zile desktop za maofisini zinazoingia kwa makontena, prosesa (ubongo wa mashine) ni Core i5 kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) GB 8 yani vipande viwili vya 4, hadi diski (inapokaa Windows na mafaili) ya GB 500. Muuzaji akaniambia imeshafanyiwa ukarabati, wenyewe wanaita refabishi, na waranti ya mwezi mmoja ya mdomo. Kwa nje ilikuwa inang'aa kweli, imefutwa vizuri na stika mpya juu. Ndani sikufungua na wala sikuwaza kufungua.

Mwezi wa kwanza haikunisumbua. Mwezi wa pili ndo mambo yakaanza, na yalianza yote kwa pamoja ndo maana yalinichanganya mimi na yakamchanganya na fundi. Asubuhi nawasha inaleta skrini nyeusi na maandishi meupe kwamba haioni kifaa cha kuwashia Windows. Mchana inakuwa nzito, mausi inaburuzika, feni inalia, alafu pap, imezima. Na katikati ya hapo, saa yoyote ile, inaleta skrini ya bluu na kujiwasha upya yenyewe.

Fundi alikuja mara ya kwanza, akawasha akabonyeza F2, akaingia kwenye ile setingi ya BIOS, ile inayotangulia kabla Windows haijawaka, akabadilisha kitu, ikawaka. 10,000. Akasema hadi diski inaelekea kufa. Baada ya siku tatu tatizo lilelile, akaja akafanya vilevile, 10,000 nyingine. Mara ya tatu akaibeba akakaa nayo siku mbili, akanipigia, "Dada, hii madabodi imekufa, mpya hazipatikani, mi ninayo ya kwenye mashine nyingine, nipe 120,000 nikufungie."

Nilikaa kimya kwenye simu. Wiki hiyo ndo dada mmoja wa chuo alikuwa amekuja na ripoti yake ya utafiti, kurasa 60 na kitu, tunarekebisha namba za kurasa na yaliyomo, ikaja skrini ya bluu na faili likagoma kufunguka tena. Alikaa kwenye benchi kimya kabisa, hakunilaumu, ameshika tu kifuko chake cha plastiki chenye makaratasi. Bahati alikuwa na kopi ya jana yake kwenye fleshi, tukakesha kurudishia masahihisho mpaka saa nne usiku. Lile lilinikaa moyoni. Kwahiyo nilimwambia fundi asante kaka, irudishe tu kama ilivyo, nitakuambia.

Sisemi fundi alikuwa tapeli. Aliona mashine moja ina dalili tatu akatafuta ugonjwa mmoja unaoweza kuleta zote, na madabodi ni ugonjwa unaoweza kuleta zote. Mi nilichokuwa nacho zaidi yake ni muda, mi nakaa na ile mashine kutwa nzima, yeye anaiona dakika 20.

Basi nikachukua daftari la mauzo, nyuma nikachora mistari, nikawa naandika kila inapozingua: siku, saa, nilikuwa nafanya nini, imeandika nini, na kabla ya hapo ilikuwa imezimwaje. Wiki mbili. Mtoto wa dada yangu ambaye yuko kidato cha nne alikuwa ananisaidia jioni, yeye ndo alikuwa anapiga picha kila maandishi yanayotokea kwenye skrini.

Kitu cha kwanza kuonekana kwenye daftari kilikuwa Jumatatu moja. Jumapili sikufungua duka, na Jumamosi nilisahau kuzima soketi ya ukutani, mashine niliizima vizuri ila soketi ikabaki imewashwa. Jumatatu ikawaka bila neno. Kurudi nyuma kwenye daftari nikakuta kila siku iliyogoma ni siku ambayo usiku wake nilizima ukutani au umeme ulikatika. Na zile asubuhi za kugoma, ukishaipata kuwaka, saa inasoma 1/1/2012. Mwanzo nilikuwa naona tarehe ni kero ndogo tu, naibadilisha naendelea, ila ndo hiyo hiyo ilikuwa inafanya tovuti zikatae kufunguka, zinasema muunganisho si salama, kwa sababu cheti cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani tuko 2012 inaona cheti bado hakijaanza. Wateja walishaondoka wakidhani bando langu limeisha.

Mtoto akaniambia, "Mamdogo, mi nilimuona fundi, alikuwa anabadilisha neno UEFI anaweka Legacy, basi." Hizo ni njia mbili za mashine kuitafuta na kuiwasha Windows, UEFI ya kisasa na Legacy ya zamani. Hapo ndo ikaniingia. Windows iliyokuwemo ilipigwa kwa ule mtindo wa zamani wa Legacy, na mashine ikipoteza kumbukumbu ya setingi inarudi kwenye ile ya kiwandani ambayo ni UEFI, kwahiyo inaitafuta Windows mahali ambapo haipo, inasema haioni kitu. Hadi diski haikuwa na shida yoyote! Kinachotunza setingi na saa wakati hakuna umeme ni betri ndogo bapa ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3. Soketi ikiwa imewashwa mashine inapata umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, ndo maana Jumatatu ile iliwaka.

Nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha boksi kutoa umeme wa mwilini, nikafungua ubavu. Betri nilipeleka kwa jirani anayetengeneza redio akaipima, ikasoma 1.9. Mpya 2,000 dukani. Nikaweka, nikaingia BIOS nikarekebisha saa na Legacy, na mtoto akapiga picha kurasa zote za BIOS kwa simu, kurasa moja moja, nazo mpaka leo ninazo. Nakushauri hilo ulifanye hata kama mashine yako ni nzima, siku betri ikiisha hutahitaji kukumbuka chochote.

Asubuhi zikapona. Sikugusa kitu kingine siku tatu kwa makusudi, maana ukibadilisha vitu viwili kwa mkupuo hujui kipi kimeponya.

La mchana nilikuwa nahisi ni umeme, huku kwetu mchana unapanda na kushuka. Ila daftari likakataa: printa iko kwenye ekstensheni ileile na haikuwahi kuzima hata mara moja pamoja nayo. Na kingine, ikizima nikiiwasha hapohapo inakaa dakika mbili tatu inazima tena, nikiiacha nusu saa inakaa hata saa nzima. Saa zenyewe nyingi ni saa saba mpaka saa kumi, na duka langu ni bati bila silingi bodi. Joto hilo. Nikashusha programu ya bure ya kusoma joto la prosesa, asubuhi bila kazi yoyote ilikuwa inasoma nyuzi 68, nikifungua kurasa kadhaa za intaneti na kuprinti inapanda mpaka 96. Prosesa ikifika juu kabisa inajipunguza kasi yenyewe, ndo ule uzito wa mausi, ikishindwa kupoa inazima ili isiungue.

Nilipofungua feni ya prosesa, jamani. Chini ya feni kuna zile bati nyembamba za kupoza, vumbi lilikuwa limejipanga juu yake zito kama blanketi, la kijivu, unalinyanyua kwa kipande kizima. Hilo si vumbi la Kihonda la miezi miwili, hilo limekuja na kontena. Nilisafisha kwa brashi ya rangi mpya na kupuliza kwa pampu, na wakati wa kupuliza shikilia feni kwa kidole isizunguke, ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika. Alafu nikafungua skrubu nne za ule mzigo wa kupozea, chini yake ile grisi ya prosesa ilikuwa imekauka imepasukapasuka kama tope la mfereji wa kiangazi. Hiyo ndo inapitisha joto kutoka kwa prosesa, ikikauka joto linabaki palepale. Nikaifuta kwa pamba na spiriti taratibu mpaka chuma kikang'aa, nikaacha ikauke, nikaweka grisi mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, wala usipake nyingi, ukikandamiza inasambaa yenyewe. Skrubu nilikaza kwa kupishanisha kona na kona, kidogo kidogo, ili ikae sawa.

Kuwasha, nyuzi 41. Nikafungua kila kitu nilichonacho, nikaprinti kopi 100 za mtihani wa majaribio wa mwalimu mmoja, haikuvuka 66. Na ile kelele ikaisha, nilikuwa nimeshaizoea kiasi kwamba siku ile duka lilionekana kimya sana.

Ikabaki skrini ya bluu. Hii daftari lilinisaidia kwa njia nyingine, haikuwa na saa maalum, haikuwa na kazi maalum, na zile picha za mtoto zilionyesha kila mara inaandika ujumbe tofauti. Kosa likiwa la programu moja au dreva moja (programu ndogo inayoendesha kifaa kama printa) mara nyingi linarudia ujumbe uleule, likibadilikabadilika hivo cha kwanza kushuku ni RAM. Windows yenyewe ina kipimo chake, unaandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, inajiwasha upya na kuanza kupima. Ikasema kuna tatizo la hadiwea, yani la vifaa vyenyewe si programu. Nikazima, nikachomoa waya, nikatoa vipande vyote viwili nikasugua zile sehemu za dhahabu kwa raba ya penseli taratibu, nikafuta unga wake vizuri. Nikapima kimoja kimoja. Cha kwanza safi. Cha pili tatizo. Nikakihamishia cha pili kwenye nafasi ya cha kwanza ili nijue mbovu ni nafasi au ni kipande, bado tatizo. Basi ni kipande, madabodi haina hatia.

Niliendesha mashine wiki moja na kipande kimoja cha GB 4 peke yake, nzito kidogo ila haikuanguka hata mara moja. Alafu nikanunua kipande kingine cha RAM cha GB 4, aina ya DDR3, kwa 25,000. Nenda na kile kibovu mkononi, DDR3 na DDR4 pengo lao haliko sehemu moja, haziingiliani, na ukilazimisha unavunja. Mwambie muuzaji unarudi ikileta shida, na ukifika nyumbani pima siku hiyohiyo.

Hesabu yangu: betri 2,000, grisi 5,000, spiriti 1,500, RAM 25,000. Jumla 33,500. Ile 20,000 niliyomlipa fundi sijaiweka humo.

Ningekuwa nanunua tena leo, dukani ningeomba wachomoe waya ukutani dakika kumi alafu wawashe, niangalie saa. Ningeomba wafungue ubavu nione feni. Ningeangalia lebo ya powa saplai (kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani) kama imeandikwa volti 100 mpaka 240, maana zipo za zamani zenye kiswichi nyuma cha kuchagua 115 au 230, ukiichomeka kwetu iko kwenye 115 inapasuka hapohapo. Na ningeangalia masaa ya hadi diski kwa programu ya bure, yangu ilikuwa na masaa 31,000, yani kama miaka mitatu na nusu ya kuwaka bila kupumzika. Bado inasoma nzima ila kazi za wateja siziweki humo peke yake tena, kila jioni zinaenda kwenye fleshi mbili.

Kilichobaki ni Windows. Ninayotumia ni 10 na Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na 11 rasmi inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, yangu ni ya tatu. Nimejaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa kuiwasha kutoka kwenye fleshi bila kuisimika, intaneti imefunguka, printa imeitambua yenyewe, skana bado inanisumbua. Mtoto wa dada anasema tuipige likizo, mi nasubiri kwanza msimu wa maombi ya mikopo upite.