Mtoto asigeuzwe mkalimani wa kliniki

Katika familia nyingi za wahamiaji wa Kilatino nchini Marekani, anayejua Kiingereza kuliko wote nyumbani ni mtoto wa shule. Basi anakosa vipindi, anapelekwa kliniki kumsemea mama. Sababu inaeleweka, ila ni hatari. Mtoto huruka maneno ya aibu na kulainisha habari mbaya. Naye mama hatatamka mbele yake kwamba anatokwa damu, au kwamba hofu ya kurudishwa kwao inamnyima usingizi.

Neno moja tu linaweza kuangamiza. Mwaka 1980, Florida, kijana wa miaka 18 wa familia ya Kikuba alifikishwa hospitali hajitambui. Jamaa walisema "intoxicado": kadhuriwa na kitu alichokula. Madaktari wakaelewa amezidisha dawa za kulevya, wakamtibu hivyo, kumbe damu inavujia ubongoni. Alipooza mikono na miguu. Lebo za dawa nazo zina mtego wao: "once" kwa Kiingereza ni mara moja, kwa Kihispania ni kumi na moja.

Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kutoa mkalimani bure. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Aombwe siku ya kuweka miadi, si mkiwa tayari dirishani, na lugha iandikwe kwenye faili. Lugha gani? Wahudumu wengi huteleza hapa. Si kila mtu wa Guatemala anaongea Kihispania vizuri. Wapo wa Kimam na Kik'iche', na kutoka Mexico wapo wa Kimixteko, lugha za wenyeji wa asili. Wataitikia "sí", yaani ndiyo kwa Kihispania, kwa heshima, hawajaelewa kitu. Mkalimani wao ni adimu, mara nyingi hupatikana kwa simu tu.

Chumbani, mgonjwa amtazame daktari, aseme sentensi mbili na kutulia. Kabla ya kutoka arudie kwa maneno yake: dawa ipi, vidonge vingapi, saa ngapi, hadi lini. Lebo iombwe kwa Kihispania, na hesabu ziwe kwa tarakimu.

Kama mtaa una promotora, yaani mhudumu wa afya wa jamii, apige simu siku ya pili au ya tatu. Asiulize "dawa unakunywa?" Jibu litakuwa ndiyo. Aombe asomewe chupa kwa sauti, kisha ahesabiwe vidonge vilivyobaki.