Kila jambo na mwenyewe

Desemba 2020 kivinjari cha Firefox kilitoa toleo lake la 84, na kwenye orodha ya mabadiliko kulikuwa na mstari mmoja ambao sidhani kama kuna mtu Kigoma aliusoma siku hiyo: AppCache imeondolewa. Chrome ilishaanza kuifunga tangu Agosti. AppCache ilikuwa njia ya kuufanya ukurasa wa wavuti ujihifadhi ndani ya kompyuta, ili ufunguke hata mtandao ukikatika. Wenye vivinjari sikuwalaumu. Ilikuwa na kasoro nyingi, walishatoa onyo miaka kadhaa kabla, na njia mpya ya kufanya kazi ileile ilikuwepo, ila ilitaka msimbo uandikwe upya. Nani wa kuuandika, hilo halikuwa lao.

Ujiji, mkutubi wetu alifungua kompyuta asubuhi moja ya Januari, akakuta mtandao haupo, akaenda kwenye ukurasa wa kuazimisha vitabu nje ya mtandao kama alivyozoea. Ukurasa ukagoma. Akavuta daftari la kaunta, akachora mistari kwa rula, akaanza kuandika: namba ya msomaji, namba ya kitabu, tarehe. Mtandao uliporudi akaketi kuyaingiza yote kwenye mfumo, mstari kwa mstari, na sifuri moja iliyoandikwa haraka haraka na msaidizi wake ikasomeka sita. Mwanafunzi wa kidato cha pili akajikuta anadaiwa kitabu cha uhasibu ambacho hajawahi hata kukishika. Baba yake akaja maktaba mwenyewe, na hakuja kwa upole.

Mfumo wenyewe ni Koha. Kwa asiyeijua, ni programu huria ya kuendesha maktaba: inakaa kwenye seva, na wakutubi na wasomaji wanaifikia kwa kivinjari. Ilianzia New Zealand, kwenye maktaba za Horowhenua, kwa sababu mfumo waliokuwa nao usingeweza kuvuka mwaka 2000. Wakatengenezewa mpya, ukaanza kazi Januari 2000, nao wakautoa bure kwa yeyote autakaye. Tangu hapo unaendelezwa na watu waliotawanyika duniani. Baadhi wameajiriwa na kampuni zinazohudumia maktaba, wengine ni wakutubi tu wanaotumia jioni zao. Toleo jipya linatoka kila Mei na kila Novemba, na namba yake ni mwaka na mwezi: 20.11, 21.05. Kila awamu wanamchagua msimamizi wa toleo. Yeye ndiye anayeamua kipi kiingie, lakini hana mtu wa kumwamrisha akiandike.

Sisi tulikuwa maktaba nne za taasisi tofauti, Kigoma mjini na Ujiji, tunachangia seva moja. Naiita seva kwa heshima tu. Ilikuwa kompyuta ya mezani iliyosimamishwa chini ya meza kwenye ofisi moja ya chuo kule Mwanga, papo hapo Kigoma mjini, na mfumo endeshi wa Debian 9 ndani yake, kando yake UPS, betri ya akiba, iliyokuwa ikilia kila umeme unapoyumba. Miaka ile mkoa ulikuwa bado unategemea jenereta za dizeli, gridi ya taifa haijatufikia, kwa hiyo ililia sana. Umeme ukikatika vibaya, faharasa ya utafutaji ilivurugika na ilibidi niijenge upya usiku, watu wakiwa wamelala. Kazi hiyo hakuna aliyenilipa. Mshahara wangu ulitoka kwingine kabisa.

Basi Jumamosi moja ya Machi 2021, mvua ikinyesha kama imeagizwa, tukakutana kwenye chumba cha kusomea tupange mwelekeo wa miaka miwili. Alikuja Mama, yule mkutubi wa Ujiji, na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki. Alikuja mwalimu wa sekondari anayesimamia maktaba ya shule yao, na kijana wa chuo anayesoma kompyuta. Mzee wetu, mkutubi mstaafu, alifika wa mwisho, ameloa mabega. Huyu alipanga kadi za katalogi kwenye madroo ya mbao kabla baadhi yetu hatujazaliwa.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Endeleeni, nitashika njiani."

Nikaanza kuandika ubaoni kila aliyetaka kitu. Ubao ukajaa. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha msomaji kurudisha kitabu. Faini ilipwe kwa simu. Vitambulisho vyenye picha. Tafsiri ya Kiswahili, ambayo ilikuwepo nusunusu, ikamilishwe. Rangi za shule kwenye ukurasa wa mbele, hilo la mwalimu. Seva ihamishwe Debian 10, kwa sababu masahihisho ya usalama ya Debian 9 yangekoma Juni 2022, hilo langu. Mama alisubiri wote wamalize.

"Mimi nina moja tu," akasema, akaliweka daftari mezani. "Nirudishiwe ukurasa wangu."

Hapo ndipo kikao kilipokolea. Mwalimu, mtu wa taratibu, akasema jambo hili ni dogo: tuandike barua rasmi, wakuu wa taasisi zote nne wasaini, tugonge mihuri, tuitume kwa Mkurugenzi wa Koha.

Kijana akacheka, akaona mwalimu hacheki, akajizuia. "Mwalimu, samahani. Hakuna mkurugenzi."

"Mwenyekiti, basi."

"Wana vikao, na kila mtu anaruhusiwa kuhudhuria. Ila hakuna mtu ambaye ukimwandikia barua atawaambia wengine wafanye."

Mwalimu akavua miwani. Ninaelewa kilichomsumbua, maana na mimi kilinisumbua mwanzoni. Sisi tumelelewa kwenye ofisi zenye jina la mkubwa mlangoni. Ombi lina pa kwenda. Likikataliwa, unajua limekataliwa na nani, na unajua wa kumlalamikia. Huku ombi lako linapokelewa vizuri, linapewa namba, watu watatu wanasema ni la maana sana, halafu linakaa. Hakuna aliyelikataa, wala hakuna aliyekuahidi kitu.

"Kwani hawa watu wanalipwa na nani?" Mama akauliza.

Nikamweleza habari ya OpenSSL, maana haikuwa ya zamani sana. Aprili 2014 ulimwengu uligundua tobo lililoitwa Heartbleed kwenye programu inayofunga mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, za benki zikiwemo. Ilipochunguzwa nani anaitunza, wakakutwa watu wachache mno, na michango waliyokuwa wakipokea ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka mzima. Kampuni zilizokuwa zikiitegemea zilikuwa na mabilioni.

"Dola 2,000," Mzee akarudia. Akachukua chaki mkononi mwangu bila kuomba. "Haya. Hili la ujumbe wa simu. Mwenyewe nani?"

Kimya.

"Sisemi nani analitaka. Wote mnalitaka. Nani atalifanya?"

Kimya tena. Akalipiga mstari. Akaenda kwenye vitambulisho, akavipiga mstari. Rangi za shule, mwalimu akajaribu kuzitetea, akaulizwa atazibadilisha yeye, akasema hajui pa kuanzia, mstari. Ilikuwa inauma kutazama. Kijana akaomba utaratibu kidogo: kule kwa wale wa Apache, waliotengeneza programu ya seva iliyoibeba Koha yetu, mtu akipinga badiliko la msimbo anapiga kura ya toa moja (-1), na lazima aambatanishe sababu ya kiufundi. Bila sababu, kura yake haihesabiki. Mzee akaipenda hiyo papo hapo. Ikawa sheria ya kikao: ukikataa, leta sababu. Nilishuku kijana aliitoa ili kumzuia Mzee na chaki yake, lakini Mzee alijibu kwamba kukosa mwenyewe ni sababu ya kiufundi, akaendelea.

Tulipofika kwenye ukurasa wa Mama, kijana akanyoosha mkono. Atauandika upya yeye.

"Lini?" Mzee akauliza.

"Nikimaliza mafunzo ya vitendo."

"Unaijua lugha iliyoandikiwa?"

"Perl naijua kidogo. Sehemu hii ni JavaScript zaidi."

Mzee akaandika jina lake. Lakini Mama hakutaka kusubiri mafunzo ya mtu, na alikuwa na haki. Tukageukia la karibu. Koha ina kiprogramu kingine, cha Windows, kinachokaa kwenye kompyuta ya kaunta na kurekodi uazimishaji kwenye faili, nawe unalipandisha seva mtandao ukirudi. Hakina ujanja. Hakikuambii jina la kitabu, unaskani tu na kuamini. Lakini kinaskani, na kwa hiyo sifuri haigeuki sita. Likapita hilo, mwenyewe mimi, kabla ya mwezi kwisha.

Lililofuata sikulitarajia. Kijana alikuwa anaeleza kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kurekebisha programu, kinavyosafiri hadi kuingia kwenye toleo: mmoja anakiandika, mwingine asiyekuwa yeye anakijaribu na kukitia saini, wa tatu anakikagua ubora, ndipo msimamizi wa toleo anakiingiza. Akasema foleni ya viraka vinavyosubiri wa kuvijaribu ni ndefu, na vingine vinakaa hapo hadi msimbo unaovizunguka ubadilike na vianze kuandikwa upya.

"Kwa hiyo kinachopungua ni wajaribu," Mzee akasema.

"Wajaribu hasa, Mzee. Na si lazima ujue kuandika msimbo. Kuna seva za majaribio, unafungua kwa kivinjari, unachagua kiraka, unafuata hatua alizoandika mwenyewe. Kikifanya kazi unasaini. Kisipofanya unasema kimekwama wapi."

Mama akauliza, kwa sauti ya mtu anayedhani anauliza upuuzi, kama mkutubi wa kawaida naye anaweza. Kijana akamwambia mkutubi ndiye anayetakiwa hasa, kwa sababu mwandishi wa msimbo hajui kaunta yenye foleni ya watoto inavyokuwa. Tukaunganisha simu yangu kwenye kompyuta tupate mtandao, tukafungua kiraka kimoja kidogo, cha ujumbe wa onyo usiotokea mahali pake kitabu kilichoazimwa kinaporudishwa. Mama akafuata hatua, kidole kikitembea kwenye kioo. Hatua ya tatu ujumbe haukutokea. Akarudia. Haukutokea. Kijana akasema labda amebonyeza vibaya, Mama akamtazama vile akina mama wanavyotazama, akarudia mara nyingine huku anasoma kwa sauti. Haukutokea. Tukaandika hivyo, kwa Kiingereza chetu, na hatua zote. Jioni mwandishi wa kiraka akajibu kwa shukrani: alikuwa amesahau mpangilio mmoja ambao kwenye mashine yake ulikuwa umewashwa tayari.

Nimekaa kwenye semina nyingi za teknolojia, zenye mabango na vitafunwa, na hakuna iliyonionyesha hivi kwamba mtu wa Ujiji anaweza kuugusa mwelekeo wa programu inayotumika Ufaransa na Marekani. Hakuombwa cheti. Nami kwa muda wote ule nilikuwa nimewafanya wenzangu kuwa watumiaji, mimi nikiwa fundi wao.

Ubaoni vikabaki vitu vichache, kila kimoja na jina. Kuhamisha seva, mimi. Bakapu ya kila usiku kwenda kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikalale nyumba nyingine, kijana. Tafsiri, Mzee, ambaye alisema ana muda kuliko sisi sote na hataki lugha yake iandikwe kama ya kwenye dawa za panya. Mwalimu akapewa kuorodhesha kila siku mtandao unapokatika Ujiji, kwa tarehe na saa, ili tutakapoeleza haja ya ukurasa ule tuwe na kitu mkononi kuliko manung'uniko. Aliifanya kazi hiyo kwa ukamilifu wa kutisha, kwenye karatasi zenye mihuri.

Mvua ikakatika, tukaenda kula ugali wa muhogo na migebuka, na bili ikalipwa na Mzee aliyekataa kusikia sababu yoyote, ya kiufundi au nyingine.

Debian 10 niliiweka Desemba ya mwaka huo. Tafsiri ilisogea sana kisha ikapungua kasi, macho ya Mzee yaliposumbua. Mama aliendelea kujaribu viraka, vidogo vidogo vya kaunta, na toleo moja lilipotoka jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioshukuriwa kwa majaribio. Akauchapa ukurasa huo, akaupeleka kwa mkuu wake, na mkuu akamuuliza kazi hiyo ameifanya kwa kibali cha nani.

Ule ukurasa wa nje ya mtandao bado una jina la kijana, aliyeajiriwa Mwanza siku hizi na ana mtoto. Mwaka jana Mzee aliniagiza nimpigie simu, nimuulize kama amechelewa au amekataa. Na kama amekataa, alete sababu.